Muulize Bi Vinyesi: Kile kichupa kinakwenda wapi?

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi. Nadhani ni kwa sababu msimu wa korosho umekwisha, watu wamekaa barazani na simu zina chaji.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: jina la Bi Vinyesi sikujipa mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Liwale. Niliajiriwa kupika kwenye kambi ya watafiti wa wanyamapori, na siku moja kijana wao wa kuokota sampuli akashikwa na homa. Wakaniambia, mama, mapori haya unayajua, twende. Nikaenda, na jikoni sikurudi tena kwa miaka kumi na minne. Watoto wa kijijini wakiniona napita na begi langu walikuwa wakiimba, "Bi Vinyesi huyooo!" Sasa hivi nakaa Mikindani, magoti yamegoma, lakini jina limenifuata mpaka huku.

SWALI: Shikamoo Bibi. Huku kwetu walipita watu wawili na gari, wakawa wanaokota mavi ya tembo na kuyatia kwenye vichupa. Mzee mmoja kijiweni anasema yanapelekwa Ulaya kutengenezwa dawa, sisi tunabaki kutoa macho. Ni kweli? Kama ni dili tuambie, na sisi tuokote. (Dereva wa bodaboda, Liwale)

Marahaba mjukuu wangu. Dili hakuna. Lingekuwapo, ningekuwa nakujibu kutoka ghorofani, siyo hapa chini ya mwembe huku kuku wa jirani wananiparulia mchicha.

Kinachotafutwa mle si dawa. Umesikia kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kile wanachopelekana watu wakigombania mtoto ni wa nani. Tembo naye ana vinasaba vyake. Huwezi kumkamata kila tembo wa Liwale ukamtoa damu, atakukamata yeye kwanza. Lakini kila akienda haja, donge linapita kwenye utumbo likikwangua seli zake, na seli hizo zinabaki kwenye ule utando wa juu unaong'aa. Utando ndio mali. Ndani ni majani tu.

Kazi yenyewe ni ya alfajiri. Donge likiwa bado na joto ndilo zuri. Likishapigwa na jua siku mbili, au madundu wakishalibomoa, liache lilivyo. Unavaa glavu, unashika kijiti, unakwangua utando wa nje kiasi cha ncha ya kidole gumba, unatia kwenye kichupa chenye spiriti. Unaandika namba, saa, na mahali kama GPS inavyosoma. Kisha unavua glavu na kuvaa nyingine kabla hujagusa donge la pili. Hapo kwenye glavu ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni israfu kutupa glavu nzima kwa ajili ya mavi, nikawa natumia jozi moja asubuhi yote. Majibu ya maabara yaliporudi, kichupa kimoja kikawa na tembo watatu ndani yake. Kazi ya siku nzima ikamwagwa, na kijana msomi aliyekuwa akinisimamia hakunisemesha mpaka tulipokula ugali wa jioni.

Sasa faida yake. Tembo wa eneo moja huzaana wao kwa wao vizazi na vizazi, kwa hiyo kila upande wa Afrika una mchanganyiko wake wa vinasaba. Ni kama lafudhi. Mtu akifungua mdomo pale sokoni Mtwara, unajua huyu wa Newala, huyu wa Kilwa, hata kabla hajataja kwao. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya vinyesi vya tembo kutoka pande nyingi za bara hili wakatengeneza ramani ya lafudhi hizo. Halafu wakageukia pembe zilizokamatwa bandarini. Kipande cha pembe kinagandishwa kwa baridi kali, kinasagwa, vinasaba vinatolewa, vinalinganishwa na ramani. Pembe haisemi uongo kama mwenye kontena.

Mwaka 2015 walitoa matokeo kwenye jarida la Science. Walikuwa wamepima shehena 28, kila moja isiyopungua nusu tani, zilizokamatwa kati ya 1996 na 2014. Za tembo wa nyika zilizokamatwa kuanzia 2006, nyingi mno zilielekeza kidole mahali pamoja: kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Yaani hifadhi ya Selous huku kwetu na ya Niassa kule Msumbiji. Yaani hapa, mjukuu wangu, uwani kwetu.

Sisi tuliokuwa porini hatukushangaa. Tulikuwa tukikuta mizoga imekatwa uso, mingine mitatu minne mahali pamoja, na harufu inakupokea kabla hujaona kunguru. Hesabu za ndege zilisema hivyo hivyo: eneo lile la Selous ambalo miaka ya 1970 lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000, mwaka 2009 walihesabiwa karibu 39,000, na mwaka 2013 karibu 13,000. Miaka minne tu. Lakini neno la mpishi wa Liwale halishiki kwenye mkutano wa mawaziri. Nchi nyingine ilikuwa ikisema pembe zimetoka kwa jirani, jirani akisema zimetoka kwingine. Kinyesi kikamaliza ubishi.

Na hakikuishia hapo. Mwaka 2018 watu wale wale walionyesha kwamba pembe mbili za tembo mmoja, ya kulia na ya kushoto, mara nyingine zilikutwa kwenye shehena mbili tofauti, zilizopita bandari moja kwa kupishana muda mfupi. Maana yake mkono uliopakia ni mmoja. Mwizi alidhani ametenganisha mzigo.

Kwa hiyo usiokote. Ukilisogeza donge umeharibu mahali pake, na mahali ni nusu ya sampuli. Ukiwaona tena wale wawili, waulize kwa adabu kibali chao na waombe wafike kwenye mkutano wa kijiji kueleza. Na mwambie mzee wako wa kijiweni, kama kuna dawa mle, mimi ningeshapona haya magoti.

SWALI: Dada, hujambo. Mwenzetu mmoja hapa Kilwa alinasa silikanti kwenye jarife. Watu wakamwambia ana utajiri, akamficha ndani, siku ya tatu nyumba ikanuka mtaa mzima. Ni samaki wa nini hasa? Na huyu mwalimu anayewaambia watoto wetu kwamba silikanti ni babu yetu, anasema kweli? (Mvuvi, Kilwa)

Sijambo kaka yangu, na mpe pole mwenzenu kwa harufu.

Silikanti ni samaki mkubwa wa buluu iliyofifia, ana madoa meupe, mkia wake una sehemu tatu, na mapezi yake yana nyama kama vigimbi vya mikono. Wasomi waliamini amekwisha duniani tangu enzi za madinosaria, mpaka Desemba 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, karibu na mto Chalumna. Dada mmoja wa makumbusho ya East London, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona kwenye rundo la samaki akajua hiki si cha kupikwa. Kwetu Tanzania wa kwanza kuthibitishwa alipatikana mwaka 2003 huko huko kwenu, Songo Mnara. Baada yake wakaanza kunaswa Tanga, wengi, kwenye majarife ya papa yanayotegwa kina kirefu, mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kule kwa ajili yake mwaka 2009. Kwa hiyo Watanga wakijisifu, wakumbushe nani alitangulia.

Kuhusu babu. Mwaka 2013 vinasaba vyote vya silikanti vilisomwa na kutangazwa kwenye jarida la Nature, na mwaka huo huo Wajapani na wenzao wakatangaza usomaji wao, wakiwemo samaki waliovuliwa Tanzania. Yaliyoonekana: viumbe wote wa miguu minne wana undugu wa karibu zaidi na kamongo, yule samaki anayejizika kwenye matope wakati wa kiangazi, kuliko na silikanti. Kwa hiyo huyu wako si babu. Ukitaka kumpa cheo, mwite babu mdogo, wa tawi la pembeni. Shehe wako atakuwa na neno lake juu ya hilo, na mimi sikai katikati ya shehe na mwalimu wa baiolojia, nakueleza kilichosomwa.

Jambo linalonigusa mimi ni jingine. Walisoma pia kwamba vinasaba vyake vinabadilika polepole mno, na mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma pete ndogo sana kwenye magamba yake, kama mtu anavyohesabu miaka ya mti, wakaona anaweza kufika karibu miaka 100. Jike hazai mpaka apite miaka hamsini. Mimba anaibeba kama miaka mitano, na anazaa watoto hai. Hebu piga hesabu, kaka. Jarife likimnasa jike mmoja mwenye mimba, hilo si pato la siku moja, ni zaidi ya miaka hamsini iliyoingia wavuni.

Nyama yake ina mafuta yanayoharisha, hata paka mwenye busara anamwacha. Akinaswa hai, mwachie, ingawa mara nyingi akipandishwa juu huwa hoi. Akifa, mtie kwenye barafu haraka, kama barafu ipo, mpigie afisa uvuvi au viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kulinda rasilimali za bahari, andika mahali, kina na saa. Kipande cha pezi lake ukubwa wa ukucha kinatosha kusomwa vinasaba. Kilichooza chumbani kwa mwenzenu hakitoshi kitu.

SWALI: Bibi, hivi mzungu anaweza tu kuja akabeba damu ya wanyama wetu akaondoka? (Mwalimu, Nachingwea)

Kisheria hapana. Mtafiti anatakiwa apate kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa wanyamapori anapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kule Arusha. Kutoa nje ya nchi sampuli ya mnyama kama tembo, hata tone, kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Karatasi zake huwa nzito kuliko sampuli, nimezibeba.

Lakini mwalimu, kibali hakiwarudishii watu majibu. Kuna kundi moja nililifanyia kazi misimu miwili, tulilala nao kwenye matope ya barabara ya Nangurukuru mpaka Liwale gari likiwa limezama hadi milango. Waliahidi kurudi kutusomea matokeo. Sikuwaona tena. Nilikuja kuyaona miaka mingi baadaye kwenye simu ya mjukuu wangu, kwa Kiingereza, na ukurasa wa pili unadaiwa fedha za kigeni. Wengine walirudi, wakakaa na wazee, wakachora ramani kwenye mchanga, nao nawaombea dua mpaka leo. Kijiji kinapoombwa kupokea watafiti, mwenyekiti aulize: mtarudi lini kutueleza, na kwa lugha gani? Iandikwe kwenye muhtasari.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi nasoma kidato cha sita hapa Mtwara, mchepuo wa sayansi. Tumesoma habari za kondoo Dolly, aliyetengenezwa kutoka kwenye seli ya kondoo mwingine. Kama tembo na faru wanaisha, kwa nini nchi isihifadhi seli zao kwenye baridi halafu tutengeneze wengine baadaye, badala ya kutumia fedha nyingi kulipa askari? (Binti wa kemia na baiolojia)

Marahaba binti yangu, na usiache baiolojia. Swali lako liko sawasawa, ndiyo maana jibu litakuwa refu.

Seli zinahifadhiwa kweli. Marekani walizigandisha seli za kicheche mmoja wa miguu myeusi, jina lake Willa, aliyekufa 1988. Desemba 2020 akazaliwa kutoka kwenye seli zile kicheche anayeitwa Elizabeth Ann. Jambo zuri sana, na lilikuwa na sababu: vicheche wote wa aina ile waliokuwapo kabla yake walitokana na saba tu, ni ndugu wa karibu mno, na Willa hakuwa mmoja wa hao saba. Damu yake ilikuwa imepotea, wameirudisha. Jirani zetu Kenya wana faru weupe wa kaskazini wawili tu waliobaki duniani, mama na binti, Najin na Fatu. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Machi 2018. Wanasayansi wanachukua mayai ya Fatu, wanayarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa, na Januari 2024 walitangaza kwamba wameweza kwa mara ya kwanza kumpa faru mimba ya maabara, ingawa kiinitete kile cha majaribio kilikuwa cha faru wa kusini na mama aliyekibeba alikufa kwa maradhi mengine kabla hajajifungua. Huko wamefika kwa sababu hawana njia nyingine.

Sasa nikupeleke Morogoro, kwenye mto Kihansi. Mwaka 1996 waligundua pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayelingana na kifundo cha kidole chako, asiyetaga mayai bali anazaa vyura wadogo waliokamilika. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo lisilofika hekta mbili, na duniani hapakuwa na kwao kwingine. Nchi ilihitaji umeme, na lazima nikiri kwamba hata mimi nauhitaji. Megawati 180 si mchezo. Bwawa likajengwa, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengine waliachwa wakinyunyiziwa maji kwa mabomba, kisha ukungu wa ngozi ukawavamia. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena.

Wale wa New York walizaa kwenye vioo, wakalishwa na kufichwa na maradhi, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Wapo waliofurahi wakasema sayansi imeshinda. Mimi pia nilifurahi. Lakini angalia kinachowaweka hai: mabomba. Yule chura ana vinasaba vyake, na bado hawezi kukaa kwao bila mtu wa kufungua koki. Chura unaweza kumtia kwenye sanduku ukampeleka Amerika. Maporomoko je?

Kwa tembo ni vigumu zaidi, na hapa narudi kwenye taaluma yangu. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti wa majike wa tembo wa Mikumi, ambao familia zao zilivurugwa na ujangili kabla ya pembe kupigwa marufuku mwaka 1989. Walipimwa kwa vinyesi. Vinasaba vya mle vilionyesha nani ni ndugu wa nani. Homoni za mle vilevile zilionyesha nani anaishi kwa mashaka. Majike waliokuwa kwenye makundi yasiyo na jike mzee wala ndugu wa karibu walikuwa na homoni za wasiwasi nyingi zaidi, na walizaa kidogo zaidi. Miaka imepita, bunduki zimenyamaza, chakula kipo, lakini hawana bibi.

Niliposimuliwa habari hiyo nilikuwa nimeshika kichupa mkononi. Nilikaa chini. Nimewahi kumwona bibi wa tembo akiwaongoza wenzake mpaka kwenye mto mkavu, akachimba mchanga kwa mguu, maji yakatoka, watoto wakanywa. Nani alimwonyesha? Bibi yake. Ujuzi ule haumo kwenye seli, binti yangu. Ukinitengenezea tembo kutoka kwenye friji, mimba ni miezi 22, atahitaji tumbo la tembo mwingine, na akizaliwa atahitaji mtu wa kumwambia maji yako wapi na wanadamu wa kuogopwa ni wepi. Tena tembo wetu hawajaisha. Walipoachwa wapumue wameanza kuongezeka wenyewe, mpaka watu wa Liwale na Nachingwea wananiandikia kulalamika kwamba wanamaliza mabibo na mahindi.

Gandisheni seli, sikatai, hasa za faru weusi wa Selous ambao wamebaki wachache. Ni kama kuweka mbegu darini. Lakini askari wa wanyamapori usimwondoe kwenye bajeti yako. Ukimaliza kidato cha sita nenda kasomee vinasaba, ama SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu uje. Nchi iliyoongoza ramani za wizi wa pembe inapaswa iwe na watu wake wanaozisoma ramani hizo, siyo wa kuokotea tu kama mimi.

SWALI: Mama, mimi ni wa Lindi vijijini. Kaka yangu alichukuliwa na simba kwenye dungu akilinda mpunga. Tunasikia simba wamevishwa kola, wametolewa damu, wamepewa majina. Kaka yangu hakuna aliyekuja kumwandika hata jina. Utafiti wenu ni wa wanyama tu? (Dada wa marehemu)

Pole, mwanangu. Pole sana. Sina cha kubishana na wewe.

Nikuambie tu kwamba kuna waliowaandika. Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, mwaka 2005 walichapisha hesabu: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 308, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa zaidi. Hakuna mashine iliyogundua hilo. Watu walikusanya taarifa wenyewe, kwa madaftari.

Waliona kinachomleta simba shambani. Porini kwetu swala na pundamilia wamepungua, nguruwe mwitu wamebaki wengi. Nguruwe anafuata mpunga na mahindi, mtu anajenga dungu alale amfukuze nguruwe, simba anamfuata nguruwe. Anayekutwa ni mtu. Ndiyo maana mashambulizi mengi ni msimu wa mavuno, Machi mpaka Mei. Na mwaka 2011 wakaongeza jambo ambalo wazee wetu walikuwa wakilinong'ona: hatari inapanda mara tu mwezi mpevu unapopita. Mbalamwezi inapokuwa pevu simba hapati windo vizuri, analala na njaa. Kuanzia siku inayofuata mwezi unachelewa kuchomoza, jioni inakuwa na giza wakati watu bado wako nje, na simba ana njaa.

Kalenda yake unayo nyumbani, ni ya mwezi mwandamo. Kuanzia tarehe 15 mpaka 25 ya mwezi wa Kiislamu, msimu wa mavuno, mtu asilale dunguni peke yake, asitoke uani usiku bila mwenzake na taa, na watoto waingie ndani kabla ya magharibi. Kuwapunguza nguruwe, kwa kushirikiana na bwana nyama wa wilaya, kunamwondolea simba sababu ya kuja.

Kingine: familia ya aliyeuawa na mnyama ina haki ya kuomba kifuta machozi serikalini. Hakilingani na kaka. Lakini kinamwandika jina. Anza ofisi ya kijiji, kisha afisa wanyamapori wa wilaya, na taarifa ya polisi na ya hospitali uwe nazo. Kama hukufanya, niandikie kupitia gazeti tukuelekeze hatua kwa hatua.

SWALI: Bibi, mimi ni mgema huku Rondo. Usiku nasikia kidudu juu ya miti kinalia kwa kukariri, si kama komba wa kawaida. Wenzangu wanasema ni komba amelewa. (Mgema)

Hahaha! Komba anayekuibia tembo mtini ni yule mkubwa, anayelia kama mtoto mchanga. Unayemsikia huenda ni komba wa Rondo mwenyewe, mdogo kuliko makomba wote, uzito wake kama gramu 60, mkia wake una manyoya kama burashi ya kuoshea chupa. Anaitwa kwa jina la kwenu na dunia nzima ya wasomi inamjua hivyo: Rondo. Anapatikana kwenye misitu michache ya pwani tu, ikiwamo Litipo huko Lindi na Ziwani hapa Mtwara, na misitu hiyo inazidi kukatwa.

Makomba hawa wadogo wanafanana sana machoni. Wataalamu waliwatenganisha kwanza kwa sauti, kisha kwa vinasaba, na mwaka 2017 wakapewa jina la jenasi lao wenyewe, Paragalago. Kwa hiyo sikio lako ni kifaa cha utafiti, ilimradi kibuyu hakijaisha. Usiku ukimsikia, washa simu urekodi angalau dakika mbili, taja saa na mti ulipo, kisha mpelekee afisa misitu. Nami nitumie nakala, nataka kuisikia.